Kutwa Mara Tatu: Istilahi na Usalama wa Mgonjwa

Wauguzi hufundishwa kuhakikisha mambo matano kabla ya kumpa mgonjwa dawa: mgonjwa awe ndiye, dawa iwe ndiyo, kipimo kiwe ndicho, njia iwe ndiyo, na wakati uwe ndio. Wodini mambo hayo huangaliwa na muuguzi. Mgonjwa akisharudi nyumbani, mwongozo wake ni maneno yaliyoandikwa juu ya bahasha ya dawa. Yafaa basi sisi tunaoshughulika na lugha tuyachunguze.

Tuanze na "kutwa mara tatu". Kutwa ni tangu asubuhi hadi jua kuchwa, usiku haumo. Mgonjwa anayeifuata lugha yake sawasawa atameza asubuhi, adhuhuri na magharibi, kisha akeshe bila dawa. Ilhali kwa dawa kama amoksilini, mara tatu hukusudiwa kupishana kwa saa nane, ili nguvu ya dawa isipungue mno mwilini.

Wengine huandika "kila saa nane". Hapa pana tatizo jingine, kwani saa nane ni muda, na pia ni wakati maalumu wa mchana. Chukua dawa mseto ya malaria, ambayo Tanzania ilianza kuitumia mwaka 2006. Dozi ya pili humezwa baada ya muda wa saa nane. Aliyemeza ya kwanza saa 4 asubuhi hana budi kumeza ya pili saa 12 jioni, wala si saa 8 mchana.

Kadhalika neno "kijiko". Kijiko cha chai huhesabiwa mililita 5, na cha chakula mililita 15. Kosa hilo moja humpa mtoto kipimo mara tatu. Na "tumia kidonge kimoja" halitaji njia: kidonge cha kuwekwa ukeni chaweza kumezwa.

Kwa hiyo tunapendekeza yafuatayo:

(a) Saa zitajwe zenyewe: saa 12 asubuhi, saa 8 mchana, saa 4 usiku.
(b) Dawa ya maji ipimwe kwa mililita, kwa kipimo kinachotolewa pamoja na chupa.
(c) Kitenzi kitaje njia: meza, mung'unya, paka, weka ukeni.

Mwisho, mfasiri asiridhike na usahihi wa sarufi peke yake. Amsomee maelezo yake mtu asiyesomea utabibu, kisha amwombe aeleze atakavyofanya. Jibu likitofautiana na agizo la daktari, kinachohitaji kusahihishwa ni maandishi.