Pini ya tatu ya plagi si pambo

UKIGUSA kasha la chuma la kompyuta na kuhisi vidole vikichonyota, usidhani ni jambo la kawaida. Huenda kasha hilo halijaunganishwa na ardhi.

Plagi ya Kenya ina pini tatu. Mbili hupitisha umeme wa volti 240. Ya tatu, iliyo ndefu zaidi, huunganisha kasha na nondo iliyopigiliwa ardhini nje ya nyumba, kwa waya wa kijani wenye mstari wa manjano.

Wengi hufungua soketi kwa kalamu ili kuingiza plagi ya pini mbili. Hiyo inafaa kwa chaja ya plastiki iliyoundwa hivyo, si kwa kifaa chenye kasha la chuma.

Ndani ya kompyuta mna vijisehemu vinavyochuja kelele za umeme na kuzielekeza kwenye kasha ili zizame ardhini. Njia hiyo ikikosekana, kasha laweza kubeba takriban volti 120. Mkondo wake ni mdogo, lakini huchonyota vidole, na redio iliyo karibu hukwaruza. Hatari kubwa ni waya wenye umeme kulegea na kugusa kasha: fyuzi haitakatika, na atakayeligusa ndiye atakayekuwa njia.

Kuna pia umemetuamo, yaani umeme unaorundikana vitu vikisuguana. Viwanda vya karatasi, kama kile kilichojulikana Webuye kwa jina la Pan Paper, huujua vyema, kwani karatasi kavu hupita juu ya rola mfululizo. Wakati wa kiangazi cha Januari na Februari, kuvua sweta ya nailoni kwaweza kuzalisha maelfu ya volti. Baadhi ya vipuri vya kompyuta huharibika kwa volti zisizofika 100, bila fundi kuhisi lolote. Hivyo, kabla ya kuvishika, na aguse kwanza chuma kilichounganishwa na ardhi.

Nyumba yenye soketi za matundu matatu yaweza kukosa nondo, au udongo unaoizunguka ukawa umekauka mno. Mwite fundi mwenye leseni aipime. Usifunge waya kwenye mfereji wa plastiki ukadhani umemaliza kazi.

Na radi ingurumapo, chomoa plagi. Waya wa ardhini pekee hauwezi kukiokoa kifaa.