Weusi wa Chokoleti na Maandishi ya Pakiti

Ndugu msomaji, ukiona dukani chokoleti nyeusi iliyoandikwa "Kakao 70%", usidhani umeuziwa dawa ya moyo. Hesabu hiyo yakuonyesha tu ni kiasi gani cha chokoleti kilichotoka katika mbegu ya kakao, pamoja na siagi yake, ambayo ni mafuta matupu.

Sifa ya kakao hasa ni ya flavanoli. Hizi ni vitu vya asili, jamii ya antioksidanti, navyo vimo katika majani ya chai vilevile. Mbegu mbichi inazo nyingi, lakini ni chungu. Jirani zetu wakulima wa Bundibugyo, Uganda, na wa Kyela, Tanzania, huzirundika mbegu siku kadhaa zichachuke, kisha huzianika. Hapo flavanoli hupungua. Wala si kosa lao, maana pasipo kuchachusha hakuna ladha ya chokoleti.

Hasara kubwa hutokea kiwandani. Unga wa kakao hutiwa alkali, ndugu ya magadi tutiayo katika mboga, ili ukali uondoke na rangi ikolee. Njia hiyo ni ya Mholanzi Coenraad van Houten, wa karne ya 19. Vipimo vilivyochapishwa mwaka 2008 vilionyesha kwamba gramu moja ya unga usiotiwa alkali ina flavanoli miligramu 34.6 kwa wastani, na uliotiwa nyingi ina 3.9 tu. Basi weusi si alama ya faida!

Mwaka 2023 serikali ya Marekani iliruhusu pakiti za unga wa kakao wenye flavanoli 4% au zaidi zitaje moyo, mradi ziseme pia kwamba ushahidi ni mdogo sana. Chokoleti haikuruhusiwa. Na mwaka 2022 yalitangazwa majaribio ya huko Marekani kwa watu 21,442: waliomeza vidonge vya flavanoli miligramu 500 kila siku hawakupungukiwa maradhi ya moyo kwa kiasi cha kuthibitika. Kwa hiyo, aliyepewa dawa za shinikizo la damu asiziache kwa ajili ya chokoleti.

Geuza pakiti usome orodha ya vilivyomo. Kinachotangulia ndicho kizito kuliko vyote, na katika chokoleti nyingi za maziwa utakuta ni sukari. Kisha tafuta neno "alkali" karibu na kakao. Likiwapo, flavanoli nyingi zimekwisha kwenda pamoja na ukali.