Mazrui: Jina Lililofuata Njia ya Walioshindwa

Mwaka 1895, maofisa wa Kiingereza waliokuwa wakisimika utawala wao katika mwambao wa Kenya walijikuta na wapinzani wawili. Wa kwanza aliitwa Mbaruk bin Rashid Mazrui. Wa pili naye aliitwa Mbaruk bin Rashid Mazrui. Jina lao moja, jina la baba moja, jina la ukoo moja. Hivyo katika barua zao maofisa hao wakawatofautisha kwa miji wanayotoka: huyu Mbaruk wa Takaungu, yule Mbaruk wa Gazi.

Kwa anayesoma historia ya vita, hilo ni jambo dogo la kuchekesha. Kwa sisi tunaochunguza majina, ni ufunguo. Takaungu iko kaskazini ya Mombasa, karibu na Kilifi. Gazi iko kusini, upande wa Kwale. Ukoo wa Mazrui uliitawala Mombasa kwa takriban karne nzima. Ilikuwaje basi wakuu wake wawe huku na huku, wala asiwepo hata mmoja aliyekalia kiti pale kisiwani? Ukilijibu swali hilo umeshajibu na jingine: kwa nini jina hili, ambalo si la kila mahali, linapatikana pale linapopatikana leo.

Mkia wa Kiarabu, kichwa cha Kiswahili

Tuanze na neno lenyewe. Mazrui ni nisba, yaani jina linalomhusisha mtu na kabila, mahali au asili fulani. Kiarabu huijenga nisba kwa kuongeza sauti ya "i" mwishoni: mtu wa Shiraz ni Shirazi, mtu wa Barawa ni Barawi. Kiswahili hufanya kazi hiyohiyo mwanzoni: mtu wa Pemba ni Mpemba, watu wake ni Wapemba. Mwarabu hulitia jina mkia, Mswahili hulivika kichwa. Ndiyo maana tunaposema "Wamazrui" tunalipa jina moja vyote viwili. Waarabu wenyewe, wakizungumzia kundi zima, hubadili umbo la ndani la neno na kusema Mazari.

Mzizi wa neno una herufi tatu za Kiarabu: zai, rai na ain. Ni mzizi wa kupanda mbegu, na "mazru" ni kilichopandwa. Kiswahili kina mtoto mwingine wa mzizi huohuo, neno zaraa, yaani kilimo. Hapa msomaji atavutiwa kuhitimisha kwamba babu wa Wamazrui alikuwa mkulima. Asiharakishe. Maana ya mzizi hutueleza neno lilivyoundwa, haitupi kazi ya mtu wa kwanza kuitwa hivyo. Wangapi leo wanaitwa Simba na hawajawahi kumwona simba ila mbugani?

Herufi ya kuiangalia zaidi ni ile ain. Kiswahili cha kawaida hakiitamki, na herufi za Kilatini hazina pa kuiweka. Kwa hiyo jina ambalo kwa Kiarabu lina tahajia moja tu limetawanyika katika maandishi ya Kilatini. Mombasa huandikwa Mazrui. Katika Umoja wa Falme za Kiarabu umbo lililozoeleka ni Al Mazrouei, kama anavyoandikwa Suhail Al Mazrouei, waziri wa nishati wa nchi hiyo. Lile "ou" ni namna ya Kifaransa ya kuandika sauti ya "u", na lile "ei" ni jitihada ya kuikamata ain iliyokaribia kupotea. Watu hao hawana majina mawili. Wana jina moja lililopitia kwa makarani tofauti.

Kinyume chake pia hutokea. Mashabiki wa kandanda wanamjua Noussair Mazraoui, beki wa Moroko. Kwa herufi za Kilatini jina lake linaelekea kuwa binamu wa Mazrui. Lakini liandike kwa Kiarabu, na ile ain haimo. Mzizi ni mwingine, na asili ni nyingine. Hii ni kanuni ya kwanza ya kazi yetu: kabla ya kuunganisha watu kwa majina, yarudishe majina katika maandishi yalikozaliwa.

Tangu ngome ilipoanguka

Jina hili lina vitovu vitatu: Oman, Abu Dhabi na mwambao wa Afrika Mashariki. Huko Abu Dhabi, Mazari ni sehemu ya Bani Yas, muungano wa makabila ambao ndani yake umo pia ukoo unaotawala, Al Nahyan; makao yao ya jadi yakiwa pamoja na mitende ya Liwa, ukingoni mwa jangwa. Tawi lililokuja kwetu lilitoka Oman, na lilikuja kwa sababu ya vita.

Wareno walianza kujenga Fort Jesus, ngome ya Mombasa, mwaka 1593. Mwezi wa Machi 1696 majeshi ya Imamu wa Oman, wa nasaba ya Yaarubi, yaliizingira, na ngome ikaanguka Desemba 1698, baada ya karibu miaka mitatu ya njaa na maradhi. Waomani walipoushika mji waliweka magavana. Neno letu liwali limetokana na neno la Kiarabu la gavana. Katika karne ya 18 uliwali huo ukatua mikononi mwa Wamazrui, na haukutoka.

Kilichowageuza kutoka watumishi wa Imamu kuwa watawala wenyewe ni mabadiliko ya huko Oman. Katika miaka ya 1740 nasaba ya Yaarubi iliporomoka, na Ahmad bin Said wa ukoo wa Busaidi akashika hatamu. Liwali wa Mombasa, Muhammad bin Uthman Mazrui, alikataa kumtambua. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka: Ahmad alikuwa gavana wa Sohar kama yeye alivyokuwa gavana wa Mombasa, kama mmoja anaweza kujitawaza, mwenzake amezuiwa na nani? Muhammad aliuawa na watu waliotumwa kutoka Oman, lakini ndugu yake Ali alitoroka, akairudia ngome na kuitwaa tena. Tangu hapo, Mazrui na Busaidi yakawa majina ya mahasimu.

Wamazrui hawakutawala peke yao. Mombasa ilikuwa na Thenashara Taifa, mataifa kumi na mawili ya wenyeji: Thelatha Taifa, ambao ni Wakilindini, Wachangamwe na Watangana, na Tisa Taifa, waliokuwamo Wamvita, Wajomvu na wenzao. Liwali aliyewapuuza hakudumu. Zama hizo ndizo zilizoipa Mombasa mshairi wake mashuhuri, Muyaka bin Haji, ambaye tungo zake zimejaa siasa za mji huo na vita vyake na Busaidi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1820 Wamazrui waliipoteza Pemba. Wakatafuta ngao kwa Waingereza, na mwaka 1824 Kapteni William Owen akapandisha bendera ya nchi yake Mombasa. Kijana aliyemwacha awe msimamizi, Luteni Reitz, alifariki baada ya miezi michache, na mwaka 1826 bendera ikashushwa. Miezi hiyo michache ilitosha kumwachia Reitz jina katika ramani ya Mombasa hadi leo: Port Reitz. Hivyo ndivyo majina ya mahali yalivyo. Mpita njia huweza kupewa bandari, na aliyekaa karne nzima akakosa hata kichochoro.

Mwisho ulikuja mwaka 1837. Wamazrui walikuwa wamegawanyika wao kwa wao, na baadhi ya masheikh wa Thelatha Taifa walimkaribisha Seyyid Said, mtawala wa Oman wa ukoo ule wa Busaidi. Aliuingia mji, kisha akawakamata wakuu wa ukoo, zaidi ya ishirini, pamoja na liwali wa mwisho, Rashid bin Salim. Walisafirishwa hadi Bandar Abbas, Uajemi, na huko ndiko walikofia.

Jina linapokimbia

Waliosalia hawakutawanyika ovyo. Kundi moja lilikwenda Takaungu, ambako ukoo ulikuwa na mafungamano ya siku nyingi na Wagiriama. Kundi la pili lilikwenda Gazi, katika nchi ya Wadigo. Mtu anayekimbia huenda kwa anayemfahamu. Kwa hiyo ukiona leo jina Mazrui limesimama kama mafiga matatu, Mombasa, Takaungu na Gazi, usidhani ni biashara iliyolipanga hivyo. Ni mwaka 1837 uliolipanga, na urafiki wa kabla yake.

Mbaruk wa Gazi alikuwa mwana wa yule Rashid bin Salim aliyefia uhamishoni, na kwa miongo mingi aliwapa masultani wa Unguja shida isiyokwisha. Mwaka 1895 mtawala wa Takaungu alifariki, na Waingereza wakamuunga mkono mrithi waliyemtaka wao badala ya Mbaruk wa huko. Huyo akakimbilia kwa mwenye jina lake Gazi, na vita vikaenea mwambao mzima. Mwaka 1896 Mbaruk wa Gazi alishindwa, akavuka mpaka pamoja na wafuasi wake na kuingia eneo la Wajerumani. Aliishi Dar es Salaam hadi kufa kwake. Kwa mara ya pili jina lilisogezwa na kushindwa, safari hii kuelekea Tanganyika.

Humo katika misafara hamkuwa na watu wa damu moja tu. Mashamba ya Takaungu na Gazi yalitegemea kazi ya watumwa, na mtumwa, mwachwa huru na mfuasi walitambulika kwa jina la bwana wao. Pia ndoa na wenyeji zilikuwa nyingi. Kwa hiyo jina la ukoo mwambaoni halina budi kusomwa kama jina la nyumba: waliozaliwa ndani wamo, na walioingia kwa mlango wamo.

Baadaye jina likawa na thamani ya ardhi. Sheria ya mwaka 1914 iliweka mashamba ya Takaungu chini ya udhamini kwa manufaa ya ukoo wa Mazrui, na ikafutwa mwaka 1989. Kwa miaka 75 hiyo, swali la nani ni Mazrui lilikuwa na uzito kuliko mazungumzo ya barazani.

Mahali ambapo halionekani

Anayetafuta jina adimu kwa kuhesabu orodha za wapiga kura atapotea, hasa kwetu. Desturi ya mwambao ni mtu kuitwa kwa jina lake, la baba na la babu. Nisba hutolewa kunapokuwa na haja: posa, mirathi, mazishi, shauri mbele ya kadhi. Nchini Kenya nisba nyingi ziliingia katika vitambulisho na kukaa. Tanzania, pamoja na Unguja na Pemba, majina matatu yameshika nafasi, na nisba imebaki ikijulikana mtaani bila kuandikwa. Halafu Mapinduzi ya Zanzibar ya mwaka 1964 yaliwatoa visiwani watu wengi wenye asili ya Oman, na tangu Sultan Qaboos alipoingia madarakani mwaka 1970 wengi wao walipokewa Muscat. Huko nisba ilitoka tena sandukuni, ikawa ya lazima katika hati. Mtu huyohuyo anaweza kuwa hana jina la ukoo Wete na kuwa nalo Muscat.

Kuna alama nyingine inayomsaidia mtafiti: jina la mwanamke. Oman hulibadili kwa jinsia, na mwanamke huandikwa Al Mazruiya. Katika Falme za Kiarabu aghalabu hubaki Al Mazrouei, na Mombasa hubaki Mazrui kwa wote, kwa kuwa Kiswahili hakibagui jinsia katika maneno yake. Nionyeshe jina la dada, nami nitakisia pasipoti ya kaka.

Baada ya kupoteza dola, jina lilipata heshima kwa njia nyingine. Wamazrui wa Mombasa, ambao wazee wao waliotoka Oman walikuwa Ibadhi, wengi wao walifuata madhehebu ya Shafi kama majirani zao, na wakatoa wanazuoni. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyezaliwa 1891, alitoa magazeti ya Kiswahili mapema katika miaka ya 1930, akaandika historia ya ukoo wake, na akawa Kadhi Mkuu wa Kenya tangu 1937 hadi alipofariki 1947. Mwanawe, Profesa Ali Mazrui, alifundisha Makerere, Michigan na hatimaye Binghamton katika jimbo la New York, na mfululizo wake wa televisheni wa mwaka 1986 kuhusu urithi wa sehemu tatu wa Afrika ulilifikisha jina hilo katika nchi ambazo hazijawahi kumsikia Liwali Muhammad wala Mbaruk.

Profesa alifariki Marekani Oktoba 2014. Mwili wake ulirudishwa Mombasa na kuzikwa katika makaburi ya ukoo, mkabala na Fort Jesus. Mwaka 1837 Seyyid Said aliwaondoa Wamazrui waliokuwa hai katika ngome ile. Waliokwisha kuzikwa nje yake hakuwagusa. Ndiyo maana, kwa jina lililosukumwa kaskazini, kusini, Dar es Salaam na ng'ambo ya bahari, anayetafuta asili yake mwambaoni anashauriwa aanzie makaburini, ndipo aende kwenye orodha.