Vinyago vya Mfagizi

Mwaka 1926 mwongozaji wa Kijapani Teinosuke Kinugasa alitoa filamu isiyo na sauti iitwayo "Ukurasa wa Wazimu". Baadaye ikapotea kwa miongo kadhaa, hadi mwenyewe alipoikuta nyumbani kwake mwaka 1971. Katika filamu hiyo, baharia wa zamani anafanya kazi ya ufagizi katika hospitali ya wagonjwa wa akili ili awe karibu na mkewe aliyefungiwa humo. Binti yao amechumbiwa, na baba hana raha: upande wa mume wakizijua habari za mama, ndoa itavunjika. Kwangu mimi, uzito wote wa filamu umo katika woga huo. Mke yuko nyuma ya nondo, lakini aibu imewafunga hata wazima. Na haikuwa aibu ya kutungwa. Sheria ya Japani ya mwaka 1900 iliruhusu familia kumfungia mgonjwa nyumbani, na ruhusa hiyo iliondolewa mwaka 1950.

Mtu anaweza kupinga kwamba filamu yenyewe inawafanya wagonjwa kuwa kioja, kwa picha zake zinazozunguka na kupishana hadi macho yachoke. Hoja hiyo ina uzito, ila tuitazame vizuri sehemu ya mwanzo. Tunaona jukwaa la fahari na mchezaji ngoma aliyevalia mavazi ya kupendeza, nyuma yake tufe kubwa likizunguka. Kamera inarudi nyuma polepole, nondo zinajitokeza, na ndipo tunapotambua kwamba tuko hospitalini. Maana yake tumeuona ulimwengu kwa macho ya mchezaji huyu kabla ya kuambiwa kwamba ni mgonjwa. Anayetaka kumcheka amechelewa.

Ugumu zaidi uko karibu na mwisho, mfagizi anapoota akiwavisha wagonjwa vinyago vyenye tabasamu, vya mchezo wa kale wa Noh. Wapo watakaoona humo faraja, maana wodi inatulia. Mimi naona shitaka: watu hawa wanavumilika tu sura zao zikifichwa. Lakini mfagizi naye anajivika kinyago, akawa mmoja wao. Kisha tunamkuta tena akipiga deki, funguo za kumfikia mkewe hana tena. Mgonjwa mwenye ndevu, ambaye katika njozi za mfagizi alikuwa bwana harusi wa binti yake, anapita na kumwinamia kwa heshima, kama mtu amwinamiavyo baba mkwe.