Sukari inayomnasa bakteria wa majini

Wadau, maji ya Ziwa Tanganyika ni maangavu, mawe unayaona mpaka chini. Ila uangavu sio usalama. Mei 2015 wakimbizi wa Burundi walirundikana ufukweni Kagunga, kipindupindu kikalipuka. UNHCR ikahesabu wagonjwa kama 3,000 na vifo 31.

Sasa cheki hii. Bakteria E. coli huishi utumboni. Ukimkuta kwenye maji, ujue kinyesi kimeingia, na kipindupindu hupita njia hiyohiyo. Huyu E. coli ana vinyweleo vya kung'ang'ania manosi, sukari iliyo juu ya seli zetu. Mwaka 2004 watafiti wa Marekani na Uswisi wakamtega kwa tabia yake mwenyewe: walichukua polima, yaani molekuli ndefu kama mnyororo, inayong'aa ikimulikwa, wakaipachika manosi. Bakteria wakaing'ang'ania, wakawa mafungu yanayong'aa. Dagaa wetu hunaswa kwa karabai, hawa wananaswa kwa sukari halafu ndio wanang'aa!

Polima nyingine za ukoo huo, zenye chaji chanya, zikipigwa mwanga huzalisha oksijeni kali inayoua bakteria.

Lakini tusidanganyane. Mtego wa 2004 ulihitaji bakteria 1,000 hadi 10,000 ndipo uonyeshe kitu, wakati WHO inataka maji ya kunywa yasiwe na E. coli hata mmoja kwenye mililita 100. Kwa hiyo kuanzia Ujiji hadi Kagunga, dawa ni ileile: chemsha au tia klorini, hata kama maji yanameta.

Nawasilisha.