KUTOKA SEGEREA HADI VILIMA VYA PUGU

Msafiri aendaye Ekwado, huko Amerika ya Kusini, huambiwa asirudi kabla hajafika visiwa vya Galápagos. Humo Charles Darwin alishuka mwaka 1835 akakusanya ndege ambao baadaye walimfanya ajiulize kwa nini kisiwa kimoja kiwe na aina isiyopatikana katika kingine. Ushauri huo ni mwema, ila nauli yake haimo mfukoni mwa mwanafunzi wa Segerea. Lakini swali la Darwin laweza kuulizwa hata mwisho wa safari ya daladala.

Mwanafunzi huyo anaufahamu Mto Msimbazi upitao jirani na kwao, na huenda anaujua kwa takataka zake na kwa wachimbaji wa mchanga tu. Mto huo wa kilometa 35 hivi huanzia katika vilima vya Pugu, wilayani Kisarawe. Basi na aufuate kuelekea juu.

Kitu cha kwanza kutazamwa Pugu ni udongo. Jiwe la huko ni jeupe, nalo huacha unga mkononi kama chaki. Ni mchanga ulioshikamanishwa na kaolini, yaani udongo mweupe uliozaliwa pale madini ya feldispa yalipooza kwa maji na hewa kwa muda mrefu mno. Kaolini hutumika kutengenezea vyombo vya kauri, karatasi na rangi. Mwalimu anaweza kuuonyesha ukweli huu kwa bilauri moja: ponda kipande cha jiwe, kitie majini, tikisa, kisha ngoja. Mchanga hutuama mara moja. Kaolini hubaki ikielea, na maji yakawa kama maziwa. Kiwandani nako husafishwa kwa kanuni iyo hiyo.

Yale yaitwayo mapango ya Pugu si kazi ya maji, bali ni mashimo yaliyochimbwa na watu. Wenyeji wake sasa ni popo, ambao jua likichwa hutoka makundi kwa makundi. Popo walao wadudu hutoa sauti nyembamba isiyosikiwa na sikio letu, kisha husikiliza mwangwi wake ili wajue kilicho mbele. Asiingie mtu humo bila mwongozaji.

Msitu wenyewe ulitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1954, na leo umeunganishwa na ule wa Kazimzumbwi. Hapa ndipo swali la Darwin linaporudi, kwa maana msitu uliozungukwa na mashamba ni kisiwa pia. Ndani yake huishi komba wa Rondo, mnyama wa usiku mwenye uzito wa gramu 60 hivi, sawa na yai la kuku, ambaye wataalamu walimtambulisha kuwa aina ya pekee mwaka 1996 tu. Hapatikani popote duniani ila katika vipande vichache vya misitu ya mashariki mwa Tanzania. Hawezi kuvuka shamba la mihogo akatafute msitu mwingine. Kila tanuri la mkaa linalowashwa humo humpunguzia kisiwa chake, na kwa hiyo amehesabiwa miongoni mwa viumbe walio hatarini kutoweka. Ruhusa ya kuingia huombwa kwa Wakala wa Huduma za Misitu.

Kutoka hapo mwanafunzi na ateremke tena na maji, apite Segerea na Vingunguti hadi Jangwani, ambako mafuriko ya Desemba 2011, yaliyoua watu wapatao 40 jijini, yaliwafanya wengi wahamishiwe Mabwepande. Mvua ikipiga ardhi isiyo na miti, maji hukimbia badala ya kuzama, yakachukua udongo na kuujaza chini ya mto. Mto uliojaa udongo hauna nafasi ya maji. Mwisho wa safari ni mikoko ya Daraja la Salenda.

Na zichukuliwe chupa tatu za maji: moja Pugu, moja Segerea, moja Salenda. Atakayechota avae glovu, kwani maji ya chini ni machafu mno. Chupa ziandikwe majina, ziwekwe dirishani mwa darasa kwa juma zima bila kutikiswa, kisha kina cha tope la kila moja kipimwe kwa rula.