Ukungu wa Kiangazi: Maji Yanatoka Wapi?

Je, wajua kwamba katika vilima vya Karagwe na Kyerwa ukungu unaweza kushamiri ndani ya nyumba mwezi Julai, wakati njia za Kayanga na Nkwenda zinatimka vumbi? Wengi huilaumu masika iliyopita. Mara nyingi maji yanayoulisha tumeyazalisha wenyewe, usiku, milango ikiwa imefungwa.

Ukungu ni kuvu, wa ukoo mmoja na uyoga na hamira. Una nyuzi nyembamba zinazomwaga vimeng'enya, vikayeyusha chakula nje ya mwili, kisha nyuzi zikakifyonza. Vumbi la ukutani, gundi ya kabati, ngozi ya viatu na jasho lililokauka kwenye godoro vyote ni chakula. Vimbegu vyake vimo katika hewa ya kila nyumba, kwa hiyo kuvifungia nje haiwezekani. Kinachoweza kuzuiwa ni maji. Unyevu wa hewa inayogusa ukuta ukidumu kwenye asilimia 80 hivi, ukungu huota. Na kitu kilicholowa kikikaa siku mbili bila kukauka, kuna uwezekano mkubwa kwamba ukungu umeshaanza.

Sasa tazama usiku wa kiangazi huku juu, zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Anga ni jeupe, halina wingu la kurudisha joto, na mabati hupoa hadi kuwa baridi kuliko hewa inayoyazunguka. Chini yake watu wamelala, na kila mtu mzima hutoa kwa pumzi na ngozi takribani robo lita ya maji hadi asubuhi. Tena huu ndio msimu wa kahawa. Zaidi ya nusu ya uzito wa kahawa mbivu ni maji, nayo yanatakiwa kupungua hadi asilimia 12 kabla ya kuhifadhiwa. Ile iliyoanikwa mchana hukusanywa jioni kwa hofu ya umande na wezi, ikarundikwa chumbani ikiwa nusu mbichi, na usiku kucha inaendelea kutoa mvuke. Mvuke ukigusa bati unageuka matone. Pasipo dari, matone hutiririka hadi kwenye kichwa cha ukuta, na doa jeusi huanzia hapo. Madoa mengine hujificha nyuma ya kabati lililobana ukuta, au chini ya godoro lililotandikwa juu ya sakafu ya saruji: linyanyue asubuhi, upitishe kiganja upande wa chini.

Katika msonge wa wazee moto uliwaka ndani kila siku, ukaukausha, na moshi wake ulizuia kuvu kwenye nyasi. Moshi huohuo uliumiza macho na vifua, na ni vyema jiko likatolewa nje. Lakini tulipoutoa moto tulipaswa kuiachia hewa njia. Inasikitisha kuona nyumba nzuri ya matofali ya kuchoma ambayo matundu juu ya madirisha yamezibwa matambara.

Kabla ya kusugua, hakikisha unachokiona ni ukungu. Unga mweupe chini ya ukuta huenda ni chumvi iliyopandishwa na maji ya ardhini kupitia matofali. Udondoshee maji: chumvi itayeyuka, ukungu utabaki. Dawa ya chumvi hiyo ni kwenye msingi, kwa nailoni nzito chini ya tofali la kwanza na mfereji wa kuyaondoa maji nje, si kwa brashi.

Ukungu wenyewe usiufute mkavu, maana vimbegu vitatimka chumba kizima. Fungua madirisha, jifunge kitambaa puani, lowesha kwa maji ya sabuni, sugua, suuza, kisha acha pakauke kabisa. Jiki husafisha vigae vizuri, ila kwenye tofali na mbao dawa hubaki juu huku maji yake yakizama ndani. Kamwe usiichanganye na siki: hutoa gesi ya klorini, na hiyo huunguza mapafu. Kupaka rangi juu ya doa ni kupoteza fedha. Chokaa ni bora, kwa kuwa ukali wake huuzuia ukungu, ingawa hewa huupunguza polepole na itabidi kupaka tena. Godoro lililooza ndani halisafishiki.

Chakula kina sheria yake. Mahindi au karanga zenye ukungu hazioshwi zikaliwa, kwa sababu sumukuvu, yaani sumu inayoachwa na kuvu, haiondoki kwa kupikwa. Mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara.

Jua na upepo wa Julai havilipiwi. Fungua madirisha ya pande mbili mchana, hewa ikiwa kavu, na sogeza kabati liachane na ukuta kwa upana wa kiganja. Kahawa itengewe banda lenye mlango wa kufungwa, juu ya chaga, mbali na vitanda. Ichukue ya maganda uitikise mkononi: ikiwa punje hazigongi ganda kwa ndani, haijakauka, irudi juani kabla ya kupelekwa chama cha msingi cha ushirika.